Mashujaa wa Mti: Sanamu ya Lusinga na Fuvu Lake

Mtu asimamapo kwenye mwalo wa Katonga, kusini kidogo mwa mji wa Kigoma, siku ambayo mvua imekwisha kuosha vumbi la anga, huiona milima ya Kongo ikijitokeza ng'ambo ya ziwa kama mgongo wa mnyama aliyelala majini. Nyuma yake dagaa wameanikwa, na harufu yao humfuata mgeni hata nyumbani kwake. Mbele yake mitumbwi inangoja giza. Giza likiingia, taa zitawashwa na ziwa lote litafanana na mji. Lakini mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hubaki ufukoni, kwa sababu dagaa hawavutwi na taa palipo na mbalamwezi. Ndugu msomaji, naomba ulishike neno hilo, mbalamwezi. Tutakutana nalo tena mahali ambapo pengine hukulitazamia.

Makala haya yanahusu sanamu moja ya mti iliyotoka katika milima hiyo tunayoiona kutoka Katonga, upande wake wa kusini zaidi. Kabla ya kufika huko, hata hivyo, sina budi kukupeleka mbali kidogo, kwani wazo la kuandika habari hizi nililipata kwa sababu ya wanasesere wa Kijapani.

Sisi tuliokulia huku tumezoea kwamba mwanasesere ni kitu cha mtoto wa kike. Wengi wetu tuliwaona dada zetu wakilivika gunzi la mhindi kipande cha kanga na kulibeba mgongoni. Huko Japani mambo ni tofauti. Ifikapo tarehe 5 Mei kila mwaka, siku ambayo tangu mwaka 1948 ni sikukuu rasmi ya watoto wote, na ambayo zamani ilihesabiwa kuwa ya wavulana, familia nyingi hutoa kutoka sandukuni kofia ya chuma, deraya ndogo, na wanasesere wenye sura ya askari wa kale. Desturi hiyo ilistawi katika enzi ya Edo, yaani kuanzia mwaka 1603 hadi 1868. Nyuso za wanasesere wazuri wa wakati ule zilipakwa unga laini wa magamba ya chaza, tabaka juu ya tabaka, hata zikang'aa kama ngozi ya mtu aliye hai. Nguo zao zilishonwa kwa vitambaa vya hariri.

Kila mmoja wao ana hadithi yake. Yuko Kintaro, mtoto mwenye nguvu za ajabu aliyelelewa milimani akapigana mieleka na dubu. Yuko Momotaro, aliyezaliwa ndani ya tunda na kwenda kupigana na mazimwi akifuatana na mbwa, nyani na ndege. Yuko pia Benkei, mtawa mwenye mwili mkubwa ambaye, kwa mujibu wa masimulizi, alikuwa akiwanyang'anya watu panga zao, mpaka alipokutana na kijana mwembamba aitwaye Yoshitsune kwenye daraja la mjini Kyoto. Kijana huyo alimshinda, na tangu siku hiyo Benkei akawa mtumishi wake mwaminifu hadi kufa. Yuko hata mwanamke, Malkia Jingu, anayesimama na upinde wake huku waziri mzee amempakata mtoto mchanga wa malkia.

Wanasesere hawa hawachezewi. Huwekwa mahali pa heshima kwa siku chache, mtoto akawatazama, akasimuliwa, kisha wakarudishwa sandukuni hata mwaka ujao. Wale wa kale hasa hutafutwa sana leo na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, nao hununuliwa kwa fedha nyingi. Hapo ndipo nilipojiuliza: je, katika nchi zetu hizi hapakuwa na desturi ya kumweka shujaa ndani ya nyumba, katika umbo la mti, ili watoto wajue wametoka wapi?

Jibu ni kwamba ilikuwapo, na ipo iliyo karibu sana nasi. Wazaramo na Wakwere wa pwani wana mwana hiti, kipande cha mti kisicho na mikono wala miguu, chenye kichwa kilichosukwa nywele kwa mtindo wa pekee, ambacho mwali alipewa akitunze kama mtoto wake alipokuwa amewekwa ndani. Lakini mwana hiti huelekeza macho mbele, kwa watoto watakaozaliwa. Kwa mashujaa waliotangulia inafaa tuvuke ziwa.

MIKISI YA WATABWA

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kuanzia kusini ya mji wa Kalemie na kushuka hadi Moba, kisha kuelekea Ziwa Mweru na mpaka wa Zambia, ndiko kwenye makao ya Watabwa. Ni majirani na ndugu wa watu wengi wanaoishi upande wetu. Waholoholo wa pwani ya mashariki asili yao ni huko huko magharibi, na mtu yeyote wa Ujiji anajua kwamba nusu ya mji ule ni wajukuu wa watu waliovuka maji. Ziwa hili lina urefu wa karibu kilomita 670, lakini upana wake mahali pengi ni kama kilomita 50 tu. Kwa watu wa mitumbwi huo ni mwendo wa usiku mmoja, na ndiyo sababu halikuwa mpaka mpaka lilipochorwa kwenye karatasi.

Watabwa walichonga sanamu za wazee wao waliofariki, wakaziita mikisi. Moja ni mkisi. Ukoo wao hufuata upande wa mama, na mtemi alikuwa akiwarithi wajomba zake. Kwa hiyo safu ya mikisi katika nyumba ya mtemi ilikuwa ni kama daftari la ukoo: huyu ndiye aliyetutoa kule, huyu ndiye aliyepata ardhi hii, huyu ndiye aliyemwachia huyu. Mbali zaidi nyuma yao alisimama Kyomba, mtu wa kwanza katika simulizi zao, ambaye husemwa kuwa alikuja akiwa amebeba mbegu na moto. Zilikuwapo pia sanamu ndogo za mapacha. Pacha mmoja akifa, mama alichongewa umbo la yule aliyekufa, akalitunza pamoja na mtoto aliyebaki, lisione wivu.

Basi tulirejee lile neno letu. Katika ngozi ya Watabwa wa zamani, na katika miili ya mikisi yao, palichorwa chale kwa ufundi mkubwa. Chapa mojawapo iliyopendwa ni safu ya pembetatu zinazofuatana, na chapa hiyo waliiita balamwezi. Kwao neno hilo lina maana ya kuchomoza kwa mwezi mpya. Mwezi unapopotea ni wakati wa hofu, wa wanyama wakali na wachawi. Unapochomoza tena, maisha yanaanza upya. Mwaka 1985, Wamarekani wawili, Allen Roberts na Evan Maurer, walipochapisha kitabu kikubwa juu ya sanaa ya Watabwa, jina la kitabu lilitokana na chapa hiyo. Nakiri kwamba niliposoma hayo niliufikiria mwalo wa Katonga, ambako mbalamwezi ni usiku wa kulala na kushona nyavu. Neno moja, maji mamoja, na kila upande umelipa kazi yake.

MTEMI LUSINGA

Sasa tuje kwa shujaa mwenyewe, ingawa neno shujaa hapa linahitaji kutumiwa kwa hadhari.

Lusinga lwa Ng'ombe alikuwa mtemi mwenye nguvu katika milima iliyo magharibi ya ziwa, si mbali na mahali paitwapo Mpala. Mzungu Joseph Thomson alipita kwake mwaka 1879 na kumwandika kuwa mtu wa kumwaga damu. Tunajua kwamba Wazungu wa wakati ule walikuwa wepesi wa kuwaita hivyo watawala wote waliokataa kuwainamia. Hata hivyo, kwa habari za Lusinga, hatuwezi kumsafisha kabisa. Alipata bunduki kwa njia ya biashara na wafanyabiashara waliotoka mashariki, na bidhaa aliyolipia bunduki hizo ilikuwa watu. Alivamia vijiji vya jirani zake, akateka, akauza. Mateka walivushwa ziwa, wakapita Ujiji, wakaungana na misafara ya Tabora na pwani. Pengine, ndugu msomaji, kati ya wale waliofika Bagamoyo na minyororo shingoni walikuwapo waliouzwa naye.

Mshindani wake alitokea upande wetu. Mwaka 1876 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa ameanzisha chama alichokiita cha Kimataifa cha Afrika, ambacho kwa maneno kilikuwa cha elimu na cha kukomesha utumwa. Kituo cha kwanza cha chama hicho kando ya ziwa kilijengwa mwaka 1879 huko Karema, ambako leo ni katika Mkoa wetu wa Katavi. Mwaka 1882 alifika hapo afisa kijana wa jeshi, Émile Storms. Mwaka uliofuata alivuka maji, akajenga boma huko Mpala. Wenyeji wakampa jina la Bwana Boma.

Wababe wawili hawakuweza kukaa katika milima ile ile. Lusinga hakukubali kulipa heshima. Storms hakukubali kuachwa. Vitisho vikaenda na kurudi. Shajara ya Storms ilihifadhiwa, na ndani yake, kiasi cha mwaka mmoja kabla ya mambo kutokea, aliandika kwa mzaha kwamba huenda siku moja kichwa cha mtemi huyo kikafika Brussels na kijikaratasi chake cha jina, na kwamba kingependeza ndani ya makumbusho.

Haukuwa mzaha. Tarehe 4 Desemba 1884 askari wa Storms, wakiongozwa na rugaruga mmoja aliyeitwa Bohari, waliingia kwa Lusinga kwa hila, wakamuua, wakamkata kichwa, wakachoma kijiji. Makumi ya watu waliuawa na wengine wengi wakachukuliwa mateka. Storms mwenyewe hakuwapo hapo. Alikuwa Mpala akingoja habari. Mikono iliyofanya kazi hiyo ilikuwa ya watu weusi, wengi wao wakitoka upande huu wa ziwa na pwani. Siku mbili kabla ya hapo, yaani tarehe 2 Desemba, Mirambo alikuwa amefariki huko Urambo. Na katika majuma hayo hayo wajumbe wa mataifa ya Ulaya walikuwa wamekaa mezani mjini Berlin, tangu Novemba 15, wakiipanga Afrika. Sidhani kama yeyote kati yao aliwahi kusikia jina la Lusinga.

Pamoja na kichwa, rugaruga walileta mikisi ya mtemi. Mmoja kati yake ndio unaojulikana leo katika vitabu vya sanaa duniani kote. Ni umbo la mwanamume aliyesimama, lenye urefu wa kama sentimita 70. Mwili wake umejaa chale zilizopangwa kwa utulivu wa ajabu, na kutoka kisogoni nywele zilizosukwa zinashuka mgongoni kama kamba nene. Uso hauna hasira. Mtu aliyesikia habari za bunduki na mateka hutazamia kuona uso wa kutisha, lakini fundi aliyechonga hakutaka hivyo. Alichonga mzee wa ukoo, aliyetulia, anayesikiliza. Hapa ndipo mkisi unapoachana na mwanasesere wa Kijapani: yule wa Japani huonyesha shujaa katika saa ya vita, upanga mkononi, lakini mkisi huonyesha utawala uliokwisha kutua.

Na kwa kumchukulia mtemi mikisi yake, Storms alifanya jambo ambalo huenda yeye mwenyewe hakulielewa kikamilifu. Mtu akifa, jina lake la utemi hurithiwa na mjomba hupata mpwa. Lakini ukilichukua lile daftari la mti, mrithi atasimama wapi na kumwita nani?

SEBULENI MJINI BRUSSELS

Mwaka 1885 chama cha mfalme kiliondoka ziwani. Vituo vya Karema na Mpala vilikabidhiwa kwa mapadre wa White Fathers, na Storms akarudi kwao na mizigo yake. Njia ya siku zile ilikuwa ile ile ya misafara kupitia Tabora hadi pwani. Kwa maneno mengine, Lusinga wa mti na Lusinga wa mfupa walipita katika nchi yetu juu ya vichwa vya wapagazi, na wapagazi hao hawakuambiwa wamebeba nini.

Kichwa kilikuwa kimoja kati ya vitatu alivyopeleka. Mwaka 1886 daktari mmoja wa Brussels, Émile Houzé, aliyapima mafuvu hayo mbele ya chama cha wataalamu, na kutokana na vipimo vya mifupa akatoa maneno juu ya tabia za watu waliokuwa nayo. Elimu ya namna hiyo imekwisha kutupwa. Mafuvu hayakutupwa wala hayakurudishwa.

Sanamu nazo zilipangwa nyumbani kwa Storms, ambaye alipanda cheo hadi kuwa jenerali. Ipo picha ya chumba hicho iliyopigwa mwaka 1929, miaka kumi na mmoja baada ya kifo chake. Mikisi imesimama katikati ya ngao na mikuki, kama mapambo ya kuonyesha wageni. Kama ningeombwa kuchagua picha moja tu ya kuwaeleza watoto ukoloni ulikuwa nini, ningechagua hiyo, isiyo na mjeledi wala mnyororo ndani yake. Katika miaka ya 1930 mjane wake aliitoa mikusanyo hiyo, na sanamu zikaingia katika makumbusho ya Tervuren, nje kidogo ya Brussels. Mafuvu yamewekwa katika Taasisi ya Sayansi za Asili mjini Brussels. Kwa muda mrefu watu wengi waliusifu ufundi wa ile sanamu bila kujua kwamba mtu mwenyewe alikuwa karibu, ndani ya sanduku. Mwaka 2018 mwandishi wa habari Mbelgiji, Michel Bouffioux, alichapisha habari hizo, ndipo umma ukazifahamu, na jamaa wanaojihesabu kuwa uzao wa Lusinga wakalidai fuvu.

Sisi Watanzania si wageni wa jambo hili. Fuvu lililotambuliwa kuwa la Mtwa Mkwawa liliondolewa na Wajerumani baada ya kifo chake mwaka 1898. Likatajwa kwa jina katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na bado ilibidi Wahehe wangoje hadi mwaka 1954 ndipo likarudi Kalenga kutoka Bremen. Mkataba wa dunia ulikuwapo, na miaka 35 ikapita.

Huko Ubelgiji yametokea mambo mawili matatu. Tarehe 20 Juni 2022 jino la Patrice Lumumba, ndilo tu lililobaki katika mwili wake, lilikabidhiwa kwa watoto wake. Mwezi huo huo Mfalme Philippe alikipeleka Kinshasa kinyago kikubwa cha Wasuku, lakini kwa mkopo usio na mwisho wala si kwa kurudisha. Nami hukuta ugumu kueleza kwa Kiswahili fasaha maana ya kumkopesha mtu kitu chake. Mwezi Julai sheria ilipitishwa ya kuwezesha vitu vilivyochukuliwa isivyo halali wakati wa ukoloni virudishwe. Sheria hiyo haigusi mabaki ya watu. Yaani sanamu ya Lusinga ina sheria ya kuzungumziwa, lakini fuvu lake halimo.

Wapo watakaouliza: je, mtu aliyeuza wenzake anastahili kutafutiwa heshima? Swali hilo si dogo, na wajukuu wa walioteswa wana haki ya kuliuliza. Nami sina haja ya kumfanya Lusinga kuwa malaika ili nidai kaburi lake. Hata Benkei wa Wajapani alikuwa mnyang'anyi kabla hajashindwa darajani, nao humweka nyumbani mbele ya watoto wao na kusimulia yote, ya kabla na ya baada. Lakini wao wanaye mwanasesere, na wanaoisimulia hadithi ni wao wenyewe. Hadithi ya Lusinga kwa miaka zaidi ya mia moja ilisimuliwa kwa sehemu kubwa na daftari la aliyeagiza auawe. Ile ya Watabwa wenyewe Roberts aliisikiliza vijijini kwao katika miaka ya 1970, na kukuta kwamba kisa kile bado kinasimuliwa, nacho hakifanani na cha Bwana Boma katika mambo mengi.

Katika kitongoji cha Ixelles mjini Brussels, kwenye uwanja wa Square de Meeûs, lilisimama sanamu la shaba la kichwa na kifua cha Jenerali Storms, lililojengwa mwaka 1906. Mwishoni mwa Juni 2022 liliondolewa kwa amri ya kitongoji. Kutoka hapo hadi kwenye taasisi yalimo mafuvu ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Na kutoka kwenye taasisi hadi Tervuren, uliko mkisi, hazizidi kilomita 15, kiasi ambacho mchuuzi wa dagaa wa Katonga angekimaliza kwa baiskeli, na kikapu chake nyuma, kabla jua halijawa kali. Tangu rugaruga waliposhuka mlimani, fuvu na sanamu havijawekwa tena pamoja kwa ajili ya watu wa ukoo wake.